Sura ya Sita: Kadi Imefungwa, Deni Linaendelea

Mtu akilipa deni lote la kadi yake ya mkopo, akapiga simu benki kuomba akaunti ifungwe, kisha akaikata kadi vipande kwa mkasi, huamini kwamba yeye na benki wamemalizana. Benki haioni hivyo. Kilichokoma siku ile ni ruhusa yake ya kukopa zaidi. Uwezo wa benki wa kuandika deni jipya kwenye akaunti ileile umebaki palepale. Mwezi unaofuata huenda ikaja taarifa ya akaunti yenye dola 14 za riba, au ada ya mwaka, au makato ya huduma ya filamu aliyokwisha kuiacha. Kiasi chenyewe ni kidogo, na udogo huo humsukuma mtu kwenye moja ya njia mbili: alipe tu ili apumzike, au aitupe karatasi kwa kuwa akaunti imefungwa na hana tena shughuli na watu wale. Njia zote mbili zinamuumiza. Akilipa, huenda amelipa asichodaiwa. Akipuuza, deni ambalo pengine halikuwa lake linageuka kuwa rekodi mbaya yenye jina lake. Ipo njia nyingine, nayo imo katika sheria ya Marekani tangu mwaka 1974: kuipinga tozo kwa maandishi, ndani ya muda uliowekwa, kwa anwani inayotakiwa. Hoja ya sura hii ni kwamba njia hiyo inafaa zaidi pale ambapo watu wengi hawaoni sababu ya kuitumia, yaani kwenye tozo ndogo za akaunti iliyofungwa.

Ninaizungumzia Marekani kwa sababu huko kadi ya mkopo imeingia katika kila kona ya maisha, na huko ndiko wasemaji wengi wa Kiswahili wanaikabili kwa mara ya kwanza: mwuguzi msaidizi kutoka Kisumu anayefanya kazi Minneapolis, dereva wa lori kutoka Bukavu anayeishi Texas, mwanafunzi kutoka Morogoro aliyepewa kadi yake ya kwanza akiwa chuoni. Mwenye nyumba huangalia rekodi ya mikopo kabla ya kumpangisha mtu, kampuni ya simu huiangalia, na benki itakayomkopesha fedha za gari hupanga riba kwa kuitazama. Tena watu hawa wana hatari moja ya ziada. Wengi hufunga kadi wanapohama, ama kutoka jimbo moja kwenda jingine, ama wanaporudi nyumbani moja kwa moja. Taarifa ya mwisho, ile yenye tozo, inafika kwenye nyumba ambayo hawaishi tena.

Nianze na riba, maana ndiyo tozo inayowashangaza watu kuliko zote. Mwenye kadi anayelipa deni lote kila mwezi kabla ya tarehe ya mwisho kwa kawaida halipi riba kwenye manunuzi yake. Anayebakiza deni kutoka mwezi hadi mwezi huipoteza nafuu hiyo, na riba yake huhesabiwa kila siku. Chukua mtu mwenye deni la dola 1,200 kwa riba ya asilimia 24 kwa mwaka. Taarifa yake inatolewa tarehe 5, ikionyesha dola 1,200. Anakusanya fedha, na malipo yanaingia benki tarehe 23. Kwa siku 18 zilizopita hapo katikati deni limeendelea kuzaa: 1,200 mara 0.24, gawanya kwa 365, ni karibu senti 79 kwa siku, na kwa siku 18 ni dola 14 na senti 20. Karatasi ya tarehe 5 haikuweza kuzionyesha kwa kuwa siku ile hazikuwapo bado. Mtu huyu amelipa kila senti aliyoandikiwa, ameifunga akaunti, na bado mwezi unaofuata anadaiwa. Asipoiona taarifa hiyo, inaongezwa faini ya kuchelewa. Sheria inaizuia faini isizidi kiwango cha chini alichotakiwa kulipa, kwa hiyo hapa haiwezi kupita dola 14.20, lakini hata hivyo deni limeshakuwa maradufu. Siku 30 zikipita baada ya tarehe ya kulipa, benki inaweza kupeleka taarifa ya uchelewaji kwa Equifax, Experian na TransUnion, kampuni tatu zinazotunza rekodi za wakopaji, na taarifa hiyo inaruhusiwa kukaa huko hadi miaka 7. Aliyelipa dola 1,200 kwa uaminifu anaonekana mbele ya mwenye nyumba kama mtu asiyelipa madeni.

Tozo nyingine hazihusiani na riba kabisa. Mwezi Mei 2009 Rais Barack Obama alisaini sheria ya kadi za mkopo inayojulikana kama CARD Act, na kanuni zilizotokana nayo, zilizoanza kutumika Agosti 2010, zinaikataza benki kumtoza mteja adhabu kwa sababu amefunga akaunti, au kwa sababu amekaa bila kuitumia kadi. Karatasi ikija na kitu kinachoitwa ada ya kufunga akaunti, hakuna cha kujadiliana: kanuni imekikataa. Ada ya mwaka ni ngumu kidogo. Kama ilikuwapo kabla ya akaunti kufungwa na bado kuna deni linalolipwa polepole, kanuni haiizuii benki kuendelea kuitoza. Kama salio lilikuwa sifuri na ombi la kufunga lilipokewa kabla ya tarehe ya ada, mteja ana hoja nzito. Ndiyo maana tarehe ya kuomba kufunga, na ushahidi wa tarehe hiyo, vina thamani kubwa kuliko maelezo marefu ya jinsi mtu alivyokasirika.

Kisha kuna makato yanayoletwa na wafanyabiashara. Visa na Mastercard wana huduma za kuwapelekea wafanyabiashara namba mpya ya kadi pale ya zamani inapobadilishwa, ili malipo ya kila mwezi yasikatike. Huduma hiyo ilibuniwa kumrahisishia mteja, na wengi wanaifurahia bila kujua ipo. Lakini matokeo yake ni kwamba kubadilisha kadi si njia ya kujiondoa kwenye malipo ya kila mwezi, na hata kufunga akaunti si hakikisho, kwa kuwa makato yaliyotumwa na mfanyabiashara yanaweza kupokewa baada ya mteja kudhani mlango umefungwa. Kwamba benki zinaweza hata kuifungua tena akaunti iliyofungwa bila kumuuliza mwenyewe si jambo la kukisia. Januari 2019 ofisi ya serikali inayolinda watumiaji wa huduma za fedha, CFPB, ilitoa amri dhidi ya benki ya USAA, ikieleza kwamba kati ya 2011 na 2016 benki hiyo iliwafungulia tena wateja akaunti 16,980 walizokuwa wamezifunga, bila idhini yao. Benki iliamriwa kurudisha kwa wateja zaidi ya dola milioni 12 na kulipa faini ya dola milioni 3.5, kwa makosa hayo pamoja na mengine. Akaunti zile zilikuwa za amana, si za kadi, na sheria zake ni tofauti. Ninachokichukua pale ni kimoja: mfumo wa benki ukipokea dai la mfanyabiashara, neno la mteja aliyesema funga linaweza kupuuzwa, na likapuuzwa mara elfu nyingi kabla mtu hajauliza.

Sasa tuiangalie silaha yenyewe. Fair Credit Billing Act ya mwaka 1974 ilipitishwa na Bunge la Marekani kama nyongeza ya sheria ya 1968 ya uwazi katika mikopo. Inampa mwenye kadi siku 60 tangu taarifa ya kwanza yenye kosa ilipotumwa, na ndani ya siku hizo barua yake ya pingamizi lazima iwe imefika benki. Ikishafika, benki ina siku 30 za kukiri kwamba imeipokea, na lazima imalize uchunguzi ndani ya mizunguko miwili ya hesabu, isiyozidi siku 90. Katika muda wote huo mteja ana haki ya kutolipa kiasi anachokipinga pamoja na riba yake. Sehemu asiyoipinga anatakiwa kuilipa kama kawaida. Benki haipaswi kumfuatilia kwa kiasi hicho, wala kumripoti kwamba amechelewa kukilipa. Ikigundua kosa, inalifuta na kuondoa riba zote zilizoambatana nalo. Ikiona hakuna kosa, inatakiwa kueleza sababu kwa maandishi na kutoa nakala za ushahidi mteja akiziomba.

Angalia jinsi mzigo ulivyohama. Kabla ya barua, mteja ndiye anayehangaika na simu, akisubiri kwenye laini na kuhamishwa kutoka ofisa mmoja kwenda mwingine. Baada ya barua, benki ndiyo yenye saa inayohesabu. Lakini simu haiifanyi saa hiyo ianze. Ofisa wa huduma kwa wateja anaweza kusema kwa upole kwamba amelishughulikia, na huenda anasema kweli; isipoandikwa, sheria ya 1974 haijaguswa, na siku 60 zinaendelea kuyoyoma. Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na waliotunga sheria hii walikuwa na fikra ileile. Mtu akitaka kupiga simu kwanza, apige, maana tozo nyingi hufutwa kwa simu moja. Ila aandike jina la ofisa, siku na saa, na barua iende vilevile.

Barua yenyewe si kazi ya wakili. Inatakiwa kumtambulisha mwandishi kwa jina na namba ya akaunti, na kueleza kadiri anavyoweza tozo ni ipi, ya tarehe gani, ya kiasi gani, na kwa nini anaamini ni kosa. Mwenye kudaiwa ada ya kufunga anaweza kuandika hivi, na ikatosha: "Napinga tozo ya dola 39 iliyoandikwa tarehe 12 Machi kwa jina la ada ya kufunga akaunti. Niliomba akaunti ifungwe tarehe 20 Februari, salio likiwa sifuri, na ninaambatanisha nakala ya uthibitisho wenu. Kanuni zinakataza adhabu ya namna hii. Naomba ifutwe pamoja na riba yoyote iliyotokana nayo." Hakuna matusi, hakuna historia ya maisha. Makosa mengi hutokea kwenye bahasha: barua inatakiwa kwenda kwenye anwani ya maswali kuhusu hesabu, iliyochapwa kwenye taarifa ya akaunti, na anwani hiyo mara nyingi ni tofauti na ile ya kupelekea malipo. Anayeandika pingamizi kwenye kipande cha karatasi kinachorudishwa pamoja na hundi anaweza kujikuta hajapinga kitu mbele ya sheria. Itumwe kwa rejista, yenye stakabadhi ya kupokewa, kwa kuwa swali litakalokuja baadaye ni lini ilifika. Baadhi ya benki hupokea pingamizi kwa intaneti na kulihesabu kama maandishi. Zinaposema hivyo wazi kwenye maelezo yao, sawa, mteja ahifadhi picha ya ukurasa.

Kuna kifungu kimoja ambacho ningependa kila msomaji akijue. Katika orodha ya mambo ambayo sheria inayaita kosa la hesabu, limo pia hili: mkopo ulioandikwa kwenye taarifa ambao mteja anaomba ufafanuzi wake, pamoja na hati za ushahidi. Maana yake ni kwamba kwa makato ya duka au huduma usiyoikumbuka, huhitaji kuwa na hakika kwamba umeonewa. Kutoelewa kunatosha. Unaomba kuonyeshwa makato haya yalitoka wapi na kwa idhini gani, na ombi hilo peke yake, likiandikwa na kufika kwa wakati, linaiwekea benki wajibu uleule wa siku 30 na siku 90.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja yangu nalijua, kwa kuwa ni la mtu mwenye busara: dola 14 hazistahili barua, stempu na saa nzima ya mtu anayefanya kazi mbili. Alipe alale. Jibu la kawaida ni kwamba kidogo hiki kikizidishwa kwa watu wote kinakuwa kingi, na ni kweli: CFPB ilikadiria kwamba faini za kuchelewa pekee ziliziingizia kampuni za kadi zaidi ya dola bilioni 14 mwaka 2022, nazo zinakusanywa kidogo kidogo kutoka kwa watu wengi. Lakini jibu hilo linamtaka mtu mmoja abebe vita vya wote, na si haki kumtwisha. Jibu lenye nguvu zaidi limo ndani ya sheria yenyewe. Benki isiyofuata utaratibu wa pingamizi, kwa mfano isipojibu kwa wakati au ikimripoti mteja wakati uchunguzi unaendelea, inapoteza haki ya kudai kiasi kilichopingwa, hata kama baadaye itaonekana deni lilikuwa la kweli. Upotevu huo una kikomo cha dola 50, kilichowekwa mwaka 1974 na hakijaongezwa. Kwa mtu anayepinga dola 3,000, adhabu hiyo ni ndogo mno, na wanaoilalamikia wana haki. Kwa anayepinga dola 14, au 39, ni tozo nzima. Wakati ulivyokwenda na fedha ilivyoshuka thamani, sheria imejikuta inamlinda kikamilifu yule ambaye deni lake ni dogo, na huyo ndiye anayeambiwa asijisumbue. Zaidi ya hapo, mteja ana mwaka mmoja wa kwenda mahakamani, ambako kwa mkopo wa aina hii fidia iliyowekwa na sheria huanzia dola 500 na kufika 5,000, na benki ikishindwa hulipa gharama za wakili wa mteja.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na halifai kujibiwa juujuu. Linasema: huyu mtu alisaini mkataba, fedha ya benki alikaa nayo siku 18, na riba ya siku 18 ni haki ya benki. Kuipinga ni kutafuta njia ya kutolipa. Nakubali sehemu kubwa ya hili. Riba inayotokana na siku za kati ya taarifa na malipo kwa kawaida ni halali, na anayeandika barua kuiita wizi atajibiwa kwa hesabu sahihi na atalazimika kulipa. Pingamizi la kweli juu ya riba ni lile linalohusu hesabu: kiwango kilichotumika si cha mkataba, siku zimezidishwa, malipo yaliingia tarehe 19 na benki ikaandika 23. Nje ya hapo, kinachobaki ni kuomba ifutwe kwa hisani, na benki nyingi hukubali kwa mteja aliyelipa vizuri, lakini hiyo ni hisani.

Hata hivyo, uhalali hautoshi kuonyesha kwamba jambo ni la haki, na ushahidi uko katika kanuni hizohizo za Marekani. Mwenye kadi akifa, msimamizi wa mirathi yake anaweza kuiandikia benki na kuuliza deni ni kiasi gani. Benki inatakiwa kumjibu kwa wakati, na siku 30 huhesabiwa kuwa muda unaofaa. Tangu ombi hilo lipokewe, benki hairuhusiwi kutoza faini ya kuchelewa wala ada ya mwaka kwenye akaunti ile. Na kiasi kilichotajwa kikilipwa chote ndani ya siku 30 tangu kitajwe, benki lazima iisamehe riba iliyozaliwa katikati. Yaani riba ileile ya siku 18, dola zilezile 14.20, imetambuliwa kuwa mtego usiofaa kwa mtu anayejaribu kufunga hesabu kwa nia njema, ikaondolewa. Imeondolewa kwa mirathi tu. Aliye hai, anayeomba jambo hilohilo kwa sauti yake mwenyewe, hana kanuni inayomlinda. Sijaona hoja yoyote inayoweza kuitetea tofauti hiyo. Kama benki zinaweza kutaja kiasi kamili cha kumalizia deni la marehemu na kukiheshimu kwa mwezi mzima, zinaweza kufanya hivyo kwa mteja anayehama, na benki za Marekani hazijafilisika kwa kuwafanyia hisani wafu. Mpaka kanuni hiyo ipanuliwe, mwenye kufunga akaunti aulize swali moja kabla ya kulipa: nikilipa tarehe fulani, ni kiasi gani hasa kitakachoifikisha akaunti sifuri, pamoja na riba ya siku za katikati? Alipe hicho, kisha asubiri taarifa moja zaidi ili ahakikishe.

Wafanyabiashara nao wana lalamiko lao, na halikosi ukweli: wapo wateja wanaopinga malipo ya vitu walivyonunua na kuvitumia. Lakini utaratibu wa 1974 haumpi mteja ushindi wa bure. Unasimamisha dai mpaka uchunguzi ufanyike. Hati zikionyesha alinunua, analipa, pamoja na riba. Mwongo anapata siku 90 za kuchelewesha, basi. Mkweli asipokuwa na utaratibu huu anapoteza jina lake kwa miaka 7. Nikiulizwa ni ipi kati ya hasara hizo mbili sheria iivumilie, sioni ugumu wa kuchagua.

Kwa anayerudi Afrika Mashariki, hatari iko kwenye muda. Siku 60 zinahesabiwa tangu taarifa ilipotumwa, si tangu ilipomfikia, na karatasi iliyolala kwenye sanduku la barua la Columbus haimsubiri aliye Dodoma. Hapa pia sheria imeweka kinga ambayo wachache huitumia. Benki inatakiwa kutuma taarifa kila mzunguko ambao akaunti ina salio linalozidi dola 1 au imetozwa riba, hata kama akaunti imefungwa. Na kama mteja aliiandikia anwani yake mpya angalau siku 20 kabla ya mwisho wa mzunguko, kisha benki ikaipeleka taarifa kwenye anwani ya zamani, kutopeleka huko kwenyewe ni kosa la hesabu linaloweza kupingwa. Kwa hiyo barua ya kubadilisha anwani, ya maandishi na yenye nakala, iandikwe kabla ya kupanda ndege. Hesabu inaweza pia kuelemea upande wa pili: duka likirudisha fedha baada ya akaunti kufungwa, salio linakuwa la mteja, na likizidi dola 1 benki inatakiwa kulirudisha ndani ya siku 7 za kazi tangu ipokee ombi la maandishi. Asipoomba, benki inatakiwa kufanya juhudi za kweli za kumrudishia salio lililokaa zaidi ya miezi 6. Bora aombe.

Nyumbani kwetu kadi za aina hii ni chache, lakini swali la deni dogo na jina la mtu limeshatufikia kupitia mikopo ya simu. Kenya ilitoa jibu lake mwaka 2020, pale kanuni mpya za taarifa za mikopo zilipozuia mkopaji kuorodheshwa vibaya kwenye CRB, yaani kampuni zinazotunza rekodi za wakopaji, kwa deni lisilofika shilingi 1,000. Uamuzi huo ulikubali jambo ambalo sheria ya Marekani haijalikubali: kwamba kipo kiasi kidogo mno kisichostahili kuharibu jina la mtu, awe alikosea au hakukosea. Tanzania nayo ina kanuni za Benki Kuu za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha, zinazompa mteja njia ya kulalamika kwa benki yake kwanza na kisha kwa Benki Kuu. Mwenye kadi ya benki ya Nairobi au Dar es Salaam hana siku 60 za sheria ya Marekani, ila akiandika mapema na kutunza nakala atakuwa na cha kuonyesha mbele ya mdhibiti.

Benki ya Marekani ikikataa bila sababu, milango haijaisha. Malalamiko yanaweza kupelekwa CFPB, ambako kampuni kwa kawaida hutakiwa kujibu ndani ya siku 15. Ofisi hiyo imekuwa katika msukosuko wa kisiasa tangu 2025, na msomaji asiitegemee kama kimbilio pekee. Haki za 1974 ziko katika sheria na hazifutiki kwa ofisi kupunguziwa wafanyakazi. Rekodi mbaya ikishaingia Equifax au kwa wenzake, sheria ya 1970 inampa mtu haki ya kuipinga hukohuko, na kampuni hizo kwa kawaida zina siku 30 za kuichunguza. Deni likiuzwa kwa wakusanya madeni, sheria ya 1977 inamruhusu kudai uthibitisho kwa maandishi ndani ya siku 30 tangu apewe taarifa ya deni, na wakusanyaji wanatakiwa kusimama mpaka wauonyeshe. Njia hizi zote ni ndefu na zinachosha kuliko barua ya mwanzo.

Kama una taarifa ya namna hii mkononi, itazame tarehe iliyochapwa juu yake, hesabu siku 60, toa siku za posta, na uandike barua leo. Usilipe unachokipinga kabla ya kujibiwa, lipa usichokipinga, na tunza nakala ya kila karatasi mpaka benki ikuandikie kwamba akaunti ni sifuri.